Kudhibiti Utando wa Mwani Sakafuni mwa Bwawa Jipya la Samaki: Mwongozo kwa Wahudumu wa Mabwawa na Maafisa Ugani, Nkololo

Bwawa jipya la samaki likishajazwa maji, wiki chache za mwanzo huleta malalamiko yaleyale. Maji ni maangavu, sakafu inaonekana, na juu ya sakafu hiyo kumetanda kitu cha kahawia au cha kijani chenye utelezi. Mwenye bwawa huona fedha yake imeanza kuoza kabla hajavua hata samaki mmoja, na swali la kwanza analomuuliza afisa ugani ni dawa gani imwagwe. Mwongozo huu umeandaliwa kwa kuzingatia mazingira ya Nkololo na maeneo mengine ya Bariadi, ambako mfugaji wa samaki kwa kawaida ni mkulima wa pamba na mwenye ng'ombe vilevile. Msimamo wake ni kwamba utando wa sakafuni hudhibitiwa kwa kushughulikia mwanga na virutubisho vinavyouotesha. Dawa ni hatua ya mwisho, na katika mabwawa mengi madogo haihitajiki kabisa.

Mwani huota popote palipo na maji, mwanga, nitrojeni na fosforasi. Sakafu iliyochimbwa karibuni ina vyote hivyo, tena haina mshindani. Wa kwanza kufika huwa ni daiatomu, mwani mdogo sana wenye ganda la silika, unaoacha vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole. Maji yaliyopita kwenye nchi ya miamba ya itale kama Usukuma hayakosi silika, hivyo hatua hii ni ya kutarajiwa na hupita yenyewe. Baada yake huja nyuzi za kijani. Hizi huanzia kwenye maji mafupi ya kingoni, zikashika sakafu, na kufikia adhuhuri viputo vya oksijeni hunaswa katikati ya nyuzi hadi utando unanyanyuka vipande vipande na kuelea. Jioni vipande hivyo hushuka tena. Mhudumu asiyejua jambo hili hudhani kuna mtu ametupa uchafu bwawani mchana. Kundi la tatu ni sianobakteria, ambalo kwa mazoea huitwa mwani wa kijani-samawati ingawa kitaalamu ni bakteria. Hili ndilo la kuogopwa, na litazungumziwa kwa urefu hapa chini.

Mfuatano wa namna hii hauko kwenye maji baridi peke yake. Wanaofuga samaki wa mapambo wa baharini katika matangi ya vioo huupitia kila wanapoanzisha tangi: mchanga mweupe hugeuka kahawia ndani ya wiki chache, kisha kijani, kwa sababu bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na baadaye naitreti huhitaji takriban wiki nne hadi sita kujijenga. Katika kipindi hicho virutubisho hukaa bila mwenyewe na mwani hujitwalia. Wafugaji hao wana msaidizi ambaye bwawa la Nkololo halina, yaani jongoo bahari, anayemeza mchanga, akala kilichoushika, kisha akautoa ukiwa safi. Somo linalobaki ni lilelile kwa maji chumvi na maji baridi: chombo kipya hakijatulia, na kukiharakisha kwa dawa hurudisha safari nyuma.

Kabla ya kuchukua hatua yoyote, aina ya utando itambuliwe. Kijiti kirefu kinatosha. Kitumbukizwe, kizungushwe polepole na kuinuliwa. Kikitoka na nyuzi zinazoning'inia, tatizo ni mwani wa nyuzi, ambao ni kero lakini si sumu. Kikitoka kimepakwa kitu mfano wa rangi ya ukutani, bila uzi wowote, na hasa pakiwa na harufu ya udongo mbichi au uvundo, ishukiwe sianobakteria. Kipimo hiki cha kijiti hakichukui nafasi ya maabara, bali huamua kama kazi ya siku hiyo ni ya reki au ni ya kuwatahadharisha watu.

Chanzo kikubwa cha utando wa sakafuni ni kina kifupi. Palipo na sentimita 40 au 50 za maji maangavu, jua la Simiyu hufika chini karibu kama lilivyo, na hakuna usimamizi utakaozuia mwani kuota mahali hapo. Bwawa lichimbwe liwe na walau sentimita 80 upande wa maji mafupi na mita 1.2 hadi 1.5 upande wa kutolea maji, na kingo zishuke kwa mteremko wa wastani badala ya kuacha ukanda mpana wa maji ya kifundoni. Hesabu ya kina izingatie kiangazi. Kati ya Juni na Septemba mvua karibu hazipo, upepo na jua hupunguza maji kila siku, na bwawa lililokuwa na mita moja mwezi wa Mei linaweza kuwa limegeuka dimbwi la kuoteshea mwani kufikia Agosti. Anayechimba kwa kipimo cha masika atalaumu vifaranga, atalaumu chakula, na mwishowe atamlaumu afisa ugani.

Udongo nao una neno lake. Wakulima wa Usukuma hutofautisha ardhi yao kwa umakini kuliko ramani nyingi: luseni ya kichanga iliyoko juu karibu na mawe, ibambasi ngumu isiyopitisha maji, na mbuga nyeusi ya mfinyanzi bondeni. Bwawa lililochimbwa kwenye luseni hupoteza maji kwa kuvuja, hivyo huongezwa maji mara kwa mara, na kila ongezeko huleta virutubisho vipya pamoja na uangavu unaofikisha mwanga sakafuni. Dawa yake ni kutandaza tabaka la mfinyanzi kutoka mbugani na kulishindilia likiwa na unyevu kabla ya kujaza maji. Kwenye mbuga tupu hali ni kinyume. Maji hubaki na tope, mwanga haupenyi, utando wa sakafuni haupo, lakini hata chakula asili cha samaki hakipo. Afisa anayesifu bwawa la tope kwa kuwa halina mwani hajalikagua.

Chokaa ya kilimo huwekwa kwenye sakafu kavu pale tu kipimo kinapoonyesha kuwa udongo una tindikali. Kiwango cha kawaida ni kilo 10 hadi 20 kwa mita za mraba 100. Ardhi ya ibambasi mara nyingi tayari ina alkali, na kuiongezea chokaa ni kutupa fedha. Chokaa hai inayounguza isitumike kabisa kwenye bwawa lenye samaki, wala isishikwe kwa mikono mitupu.

Baada ya ujenzi, kazi ya kudhibiti mwani huwa ni kazi ya kupima. Chombo kinachotumika duniani kote kupimia uangavu wa maji kina jina la padri na mwanasayansi wa Italia, Angelo Secchi, aliyekijaribu baharini mwaka 1865. Hakuna haja ya kukinunua. Mfuniko wa debe la rangi hupakwa robo mbili nyeusi na robo mbili nyeupe, ukatobolewa katikati, ukafungwa kamba yenye fundo kila baada ya sentimita 10 na jiwe dogo chini yake. Hushushwa majini kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mpimaji akiwa amelipa jua mgongo, hadi rangi zipotee machoni. Mafundo yaliyozama yahesabiwe. Sentimita 25 hadi 40 ni hali nzuri. Zaidi ya 60, mwanga unafika sakafuni na utando utakuja kama haujaja. Chini ya 20, mwani uliomo ndani ya maji umezidi na samaki wako hatarini usiku. Asiye na kifaa atumie mkono wake: kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, bwawa liko sawa, kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, mbolea isimamishwe siku hiyohiyo.

Kutokana na kipimo hicho hupatikana kanuni inayowashangaza wafugaji wengi wapya, nayo ni kwamba bwawa la kijani ndilo lenye sakafu safi. Mwani mdogo unaoelea ndani ya maji hufanya kivuli, hutumia virutubisho, na huliwa na vijidudu ambavyo nao huliwa na vifaranga. Mwani wa sakafuni hukosa mwanga, ukadhoofika. Kwa hiyo bwawa jipya lenye maji maangavu mno hurutubishwa kwa makusudi, ila kwa mpangilio. Samadi kavu ya ng'ombe huwekwa kwenye kiroba kilichotobolewa matundu, kiroba kikafungwa kwenye mti uliosimikwa pembeni, nusu yake ikiwa majini. Kila siku kitikiswe kidogo. Kwa bwawa la mita za mraba 100, kilo 10 kwa wiki zinatosha kuanzia. Samadi ya kuku ina nguvu zaidi, na kilo 2 au 3 zinatosha. Faida ya kiroba ni kwamba kinatolewa. Samadi iliyomwagwa majini haitoleki, na wengi wameijua tofauti hiyo baada ya samaki kuelea.

Kuna sharti moja lisilovunjwa. Sakafu ikiwa tayari imefunikwa na nyuzi za kijani, urutubishaji usianze, kwa kuwa nyuzi ndizo zitakazonenepa. Kwanza utando uondolewe, kisha kiroba kiwekwe, na vifaranga vipandikizwe maji yakishabadilika rangi. Wachuuzi wa vifaranga hupenda kuuza siku bwawa linapojaa, na mfugaji naye huwa na haraka. Afisa anayesimamia taaluma yake atasema hapana, hata kama gari la vifaranga limeshafika.

Uondoaji hufanyika kwa reki ya mti na wavu wa fremu, kuanzia upande upepo unakotoka kwenda upande unakoelekea, kwa sababu vipande vinavyoelea hukusanyika huko vyenyewe. Saa bora ni mchana, viputo vinapokuwa vimeunyanyua utando. Isiondolewe zaidi ya theluthi moja ya sakafu kwa siku kama samaki wamo, ili tope lisichafuke lote kwa mara moja na kula oksijeni. Kilichotolewa kipelekwe kwenye shimo la mboji upande wa chini ya bwawa. Kukiacha juu ya tuta ni kukirudisha bwawani na mvua ya kwanza. Hapa lazima isemwe wazi pia kwamba chandarua cha mbu si kifaa cha kazi hii. Chandarua chenye dawa kina piretroidi, na piretroidi huua samaki kwa kiasi kidogo mno. Zaidi ya hilo, kilitolewa kwa ajili ya kitanda.

Katika mazingira ya Bariadi, virutubisho vya ziada huingia bwawani kwa njia tatu, na ya kwanza ni chakula cha samaki chenyewe. Mashudu ya pamba yanapatikana kwa urahisi kuliko chakula kingine chochote chenye protini, na kwa sababu hiyo hutupwa kwa koleo. Mashudu yana gosipoli, kemikali inayodhuru samaki ikizidi, hivyo yachanganywe na pumba za mahindi au mpunga na dagaa waliosagwa, yasiwe mlo mzima. Chakula kitolewe mahali pamoja, ndani ya fremu ya matete inayoelea, kidogo kidogo, na kisimamishwe samaki wanapoacha kukipigania. Kwa vifaranga, asilimia 5 ya uzito wao kwa siku hutosha, na kiwango hushuka kadiri wanavyokua. Mhudumu mzuri hujulikana kwa tendo moja dogo: asubuhi, kabla ya kulisha, huzamisha mkono wenye glavu chini ya fremu, akachota tope kiasi cha kiganja na kulinusa. Tope lenye harufu ya mayai yaliyooza na chembe za mashudu zisizoguswa linamwambia kwamba mlo wa jana ulizidi. Siku hiyo hapunguzi chakula tu, halishi kabisa.

Njia ya pili ni mifugo. Ng'ombe akiingia bwawani kunywa huacha kinyesi na mkojo, hubomoa tuta kwa kwato, na hukanyaga kingo hadi zinakuwa maji mafupi, ambayo ndiyo makao ya kwanza ya nyuzi za kijani. Kumfukuza ng'ombe bila kumpa maji ni kuanzisha ugomvi na jirani. Suluhisho lenye haki ni birika la kunyweshea, lijengwe nje ya uzio na chini ya tuta, na likiwezekana lijazwe kutoka lambo au kisima kuliko kutoka bwawa lenyewe. Uzio wa miiba unafaa. Minyaa, iliyozoeleka kwa maboma ya Usukuma, isipandwe karibu na maji wala matawi yake yaliyokatwa yasitupwe humo, kwa kuwa utomvu wake ni sumu ya samaki.

Njia ya tatu ni mtiririko wa mvua kutoka mashambani. Ukanda wa nyasi uachwe upande wa juu wa bwawa, ulindwe dhidi ya jembe na malisho kwa utaratibu uleule wa ngitili, yaani hifadhi ya jadi ya malisho ya Wasukuma, na mfereji wa kukinga maji uchimbwe uyapitishe pembeni. Mtiririko huo hubeba mbolea, na msimu wa pamba hubeba pia viuatilifu. Uhusiano kati ya kiuatilifu na mwani haujulikani sana. Piretroidi inayopuliziwa pamba ikifika bwawani kwa kiasi kisichotosha kuua sato, hutosha kuua vijidudu vinavyokula mwani. Siku chache baadaye bwawa hujaa mwani, na mwenyewe hatakumbuka kwamba aliosha bomba la kupulizia dawa ukingoni. Bomba hilo lisioshwe bwawani, wala lamboni, wala kisimani. Liwe ni agizo la maandishi kwa kila anayefanya kazi katika shamba lenye bwawa.

Samaki wenyewe husaidia kwa kiasi. Sato wadogo hula planktoni na mwani laini, na wakiwekwa wawili kwa kila mita moja ya mraba hupunguza utando mchanga. Hawamalizi nyuzi zilizokomaa. Kambare huvuruga sakafu na kuzuia utando usishike, lakini humeza vifaranga vya sato, hivyo hupandikizwa baadaye na wakiwa wadogo kuliko sato waliomo. Kuleta samaki wa kigeni wanaokula majani bila kibali cha mamlaka ya uvuvi ni kosa kisheria, na bonde la Ziwa Victoria linazo kumbukumbu za kutosha za samaki waliopandikizwa bila kupimwa matokeo yake.

Kuhusu dawa, inayoulizwa zaidi ni mrututu, yaani salfeti ya shaba. Ni kweli kwamba huua mwani. Huua pia konokono, vijidudu na, katika maji yenye alkali ndogo, samaki. Kipimo chake hutegemea alkali ya maji, kitu kisichoweza kukadiriwa kwa macho, na pale ambapo alkali iko chini ya miligramu 50 kwa lita haishauriwi kutumika. Hata pale inapofanya kazi, mwani wote hufa kwa pamoja, ukaoza usiku, na oksijeni ikaisha kabla ya alfajiri. Shaba yenyewe haipotei, hubaki kwenye tope. Afisa asiye na kipimo cha alkali, au asiye na lebo ya bidhaa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, hana msingi wa kuipendekeza. Afisa anayepata kamisheni kwa kila pakiti iliyouzwa ana tatizo jingine, na hilo ni la maadili ya utumishi wa umma.

Oksijeni yastahili maelezo zaidi, maana ndiyo inayoua kuliko sumu. Mchana mwani huitoa, usiku huitumia. Bwawa lenye mwani mwingi huwa na oksijeni ya kupindukia saa tisa alasiri na karibu halina kitu saa kumi na moja alfajiri. Samaki wakionekana juu, midomo ikihema, kabla jua halijachomoza, ulishaji usitishwe, kiroba kitolewe, na maji mapya yaingizwe kwa kumwagwa kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Wakionekana hivyo saa saba mchana, sababu itafutwe kwingine. Jambo jingine hutokea alasiri: mwani hunyonya kaboni dayoksaidi hadi pH inapanda kupita 9, na kwa kiwango hicho amonia iliyomo majini hugeuka kuwa kali zaidi kwa samaki. Ndiyo sababu kulisha jioni sana katika bwawa la kijani kibichi hakushauriwi.

Sianobakteria huhitaji mwenendo tofauti, kwa sababu madhara yake huvuka mpaka wa bwawa. Katika Ziwa Victoria, maua ya sianobakteria yameongezeka tangu miaka ya 1960 kadiri fosforasi na nitrojeni kutoka nchi kavu zilivyoongezeka, na baadhi ya aina zake hutoa sumu inayoshambulia ini. Bwawa au lambo lililosimama, lenye joto na kinyesi cha mifugo, linaweza kupata hali hiyohiyo kwa kipimo kidogo. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha maji. Kuchemsha hupasua seli na kuachia sumu zaidi, na maji yanapopungua kwa mvuke sumu hubaki. Taarifa hii lazima ifike kila nyumba inayochota maji sehemu ileile, kwa kuwa watu wamefundishwa, na kwa haki, kwamba maji yaliyochemka ni salama. Utando mfano wa rangi ukionekana, matumizi ya maji kwa kunywa, kupikia na kunyweshea yasimame, mifugo izuiwe, sampuli ipelekwe kupitia afisa uvuvi au afisa afya wa kata, na samaki wasiuzwe hadi majibu yapatikane. Mwenye bwawa anayeficha tukio ili asipoteze soko anahamisha hasara yake kwenye ng'ombe wa jirani na kwenye ini la mnunuzi.

Wanaoingia majini kung'oa utando nao wana haki zao. Kanda ya Ziwa imekuwa na kichocho kwa muda mrefu, na konokono wanaokisambaza hupenda maji yaliyotulia yenye mimea na mwani. Buti ndefu za mpira na glavu ni wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, wala gharama yake haikatwi kwenye ujira. Kazi ya majini isipewe watoto, hata kama ni ya dakika chache baada ya shule. Mhudumu anayeona damu kwenye mkojo apelekwe kituo cha afya. Dawa ya prazikwanteli inajulikana na inatibu. Kibarua aliyeajiriwa kulinda na kuhudumia bwawa awe na makubaliano ya maandishi yanayotaja saa, malipo na majukumu. Bwawa ambalo mhudumu wake halipwi kwa wakati halina kipimo cha asubuhi, na bila kipimo cha asubuhi mwongozo huu wote ni karatasi.

Kwa upande wa vibali, maji yanayochepushwa kutoka mto au lambo la umma yanahitaji idhini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Anayetaka mafunzo rasmi ataanzia Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, wenye kampasi Nyegezi, Mwanza.

Kumbukumbu ziandikwe katika daftari moja lisilobebwa nyumbani: tarehe, kina kwenye mti wa kipimo, mafundo ya kamba, rangi ya maji, uzito wa chakula, samaki waliokufa, na jina la aliyepima. Takwimu zisitungwe. Afisa hulitambua daftari lililojazwa siku ya ukaguzi kwa wino wake mmoja na mwandiko usiochoka, na daftari la namna hiyo ni baya kuliko kutokuwa nalo, kwa kuwa ushauri utatolewa juu ya hali ambayo haikuwepo. Kijana anayetafuta nafasi ya usimamizi katika mradi mkubwa zaidi ana hoja yenye nguvu pale anapoweza kuweka mezani kumbukumbu za msimu mzima, pamoja na siku mbaya zilizomo.

Msimu wa kwanza ukimalizika, bwawa litolewe maji yote baada ya mavuno, maji hayo yaelekezwe bustanini badala ya mtoni, na sakafu iachwe ikauke hadi ipasuke. Wiki mbili za jua la Agosti huua nyuzi za kijani na mayai ya konokono, na hewa hupenya kwenye tope jeusi. Tope lililozidi kimo cha kiganja likwanguliwe kwa koleo na kupelekwa shambani, mbali na mteremko unaorudi bwawani, na kazi hiyo iwe imekamilika kabla mvua za Oktoba hazijaanza.